Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii wa Kaunti ya Kilifi: Njia za Nyari Zianze na Maji

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Malindi. Tunakuandikia kuhusu njia za miguu za Nyari, lile korongo la Marafa, kabla fedha za mwaka ujao hazijagawanywa. Popote panapozungumzwa kuboresha kivutio cha utalii, vitu vya kwanza kutajwa ni lango, bango na vibanda vya kuuzia soda. Hatuna ugomvi navyo. Ombi letu ni kwamba shilingi ya kwanza iende kwenye maji ya mvua yanayoingia korongoni kutoka juu. Maji hayo yasipoongozwa, njia yoyote itakayochimbwa chini yake itaondoka nayo.

Nyari haikuumbwa kwa mawe magumu. Kuta zake ni mchanga ulioshikamana kwa udongo kidogo na kutu ya chuma, tabaka ambazo wanajiolojia wamezipa jina la Magarini, eneo lenyewe lilipo korongo hili. Ukizikwaruza kwa ukucha zinabanduka. Zikiwa kavu husimama wima miaka na miaka. Zikilowa, humomonyoka kama sukari ndani ya chai. Mmomonyoko ndio ulioichonga Nyari, na hakuna mwenye akili atakayeomba ukomeshwe. Waongozaji wataendelea kuwasimulia wageni ile hekaya ya matajiri waliooga maziwa wakamezwa na ardhi, na ni hekaya nzuri. Lakini anayechora ramani ya njia aijue ile nyingine ya maji na mchanga, kwa sababu bado inaendelea.

Njia huharibika hivi. Mbuzi hushuka moja kwa moja kufuata mkato, na watu huwafuata. Miguu huvunja ganda gumu la juu lililokuwa likizuia mchanga. Mvua ya kwanza hukuta mstari mwembamba usio na nyasi unaoelekea chini bila kona, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Mfereji ukishafika kina cha kifundo cha mguu, watembeaji huuhama na kupita pembeni, nao ule upande wa pembeni huanza safari ile ile. Ndiyo maana huwa tunakuta njia tatu au nne zikishuka sambamba mahali palipohitaji moja. Kuweka bango la "Usipite Hapa" kwenye mkato wa namna hiyo ni kazi bure. Mkato hufungwa kwa matawi ya miiba yaliyolazwa kwa urefu wa mita 5 za mwanzo na 5 za mwisho, hadi macho ya mtu yasione tena kwamba palikuwa na njia.

Tuanze juu. Ukingoni, upande yanakotoka maji, tunapendekeza mtaro wa kukinga maji wa mtindo ambao wakulima wetu wanaujua kwa jina la fanya chini: udongo unaochimbwa unatupwa upande wa bondeni uwe tuta. Upana sentimita 50 chini, kina sentimita 40, na mteremko usiozidi nusu mita kwa kila mita 100. Mteremko ukizidi hapo, mtaro wenyewe utajichimba uwe korongo dogo. Ukipungua sana, utajaa mchanga msimu wa kwanza. Kipimo hicho hakihitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Fremu ya herufi A yenye uzi na jiwe, ile ile ya kupimia makinga maji shambani, inatosha kabisa.

Mambo mawili huharibu mitaro ya aina hii. La kwanza ni kuichimba karibu mno na ngema. Maji yanayotuama hunywewa na ardhi, hupenya nyuma ya ukuta, na ukuta hukatika kipande kizima. Mtaro ukae angalau mita 20 kutoka ukingoni. La pili, ambalo ndilo hutokea zaidi, ni kuyakusanya maji yote na kuyamwaga sehemu moja. Mwenye kufanya hivyo hajaondoa mmomonyoko, ameuhamisha tu, tena ameuongezea nguvu. Mwisho wa mtaro upanuliwe kama kiganja, utandazwe mawe, kisha maji yaachiwe kwenye ardhi yenye nyasi na vichaka. Pasipo na nyasi zipandwe nyasi za vetiva, mche kwa mche sentimita 10 hadi 15, kwa mstari unaofuata usawa wa ardhi, na zipandwe mvua zinapoanza. Zikipandwa wakati wa kaskazi zitakauka zote.

Sasa njia yenyewe. Mteremko wake wa kawaida usizidi mita 1 ya kushuka kwa kila mita 10 za kwenda mbele. Sambamba na hilo, usizidi nusu ya mteremko wa ardhi inayokatwa. Ardhi ikishuka 12 kwa 100, njia iwe 6 au chini yake, hata kama 10 ingeonekana rahisi kwa miguu. Njia inayokaribia mteremko wa ardhi yenyewe haina upande wa chini wa kumwagia maji, kwa hiyo maji huifuata yenyewe hadi mwisho. Upande wa nje ushuke sentimita 5 kwa upana wa mita 1, yaani kiasi ambacho mtembeaji hakihisi lakini maji yanakihisi. Upana wote ukatwe ndani ya ardhi asilia. Kuna mafundi hupenda kukata nusu na nusu nyingine kuijaza kwa udongo uliochimbwa, kwa kuwa kazi inakwenda mbio. Kwenye mchanga wa Marafa nusu hiyo ya kujaziwa itateremka masika ya kwanza, pengine ikiwa na mtu juu yake.

Kila mita 10 hadi 15 njia inyanyuke kidogo, hatua nne au tano, kisha iendelee kushuka. Kinyanyuko hicho hulazimisha maji kutoka nje kabla hayajapata kasi. Tunakipenda kuliko kizuizi cha mawe kwa sababu hakizibi upesi. Penye njia ya zamani isiyoweza kubadilishwa, ndipo viwekwe vizuizi vya mawe vilivyolala mshazari, nyuzi 45 au zaidi kidogo. Kikilala karibu na kukingama, mchanga hutuama nyuma yake na maji hupita juu. Theluthi mbili za kila jiwe ziwe ardhini, na kizuizi kitokeze sentimita 30 kila upande wa njia ili maji yasikizunguke.

Penye mteremko mkali, jenga ngazi. Kipandio, yaani kimo cha kila ngazi, sentimita 15 hadi 17; kikanyagio, pale mguu unapotua, sentimita 30 au zaidi. Ngazi za kimo cha sentimita 25 ambazo huchongwa kwa haraka hukwepwa na wazee, na hata vijana wakishuka wamechoka hupita pembeni, tukarudi kwenye mfereji ule ule. Kila kikanyagio kiiname kidogo upande mmoja, na pembeni yake kuwe na mfereji wa mawe.

Tunakusihi, Mheshimiwa, saruji isishuke korongoni. Saruji haipindi, mchanga unapinda. Maji hupenya chini yake, huondoa mchanga, na bamba hubaki likining'inia hadi lipasuke. Mawe ya tumbawe yaliyochongwa na kupangwa makavu hufuata ardhi inapotulia, na likitoka moja linarudishwa kwa mkono. Mbao ziwe za mvinje, ambao unalimwa huku kwetu. Boriti za mkoko tusiziguse; zina kazi yake baharini, tena kuzikata kunahitaji kibali. Hata mvinje mchwa wataula, kwa hiyo uhesabiwe kama kitu cha kubadilishwa.

Mfano wa mbali, na Wataliani waliojaa Malindi wanaufahamu vizuri: hifadhi ya taifa ya Cinque Terre nchini Italia, milima inayoangukia baharini, iliyoanzishwa mwaka 1999. Hapo kuna njia mashuhuri iitwayo Via dell'Amore kati ya vijiji vya Riomaggiore na Manarola, isiyozidi kilomita 1. Mawe yaliporomoka mwaka 2012 yakajeruhi watalii, njia ikafungwa, na haikufunguliwa yote hadi mwaka 2024. Nchi tajiri, njia fupi, miaka karibu 12. Huko pia mafuriko ya Oktoba 2011 yalizika mitaa ya vijiji vya Vernazza na Monterosso kwa tope. Milima yao inashikiliwa na kuta za mawe makavu zilizojengwa na wakulima. Mashamba yanapoachwa, kuta huanguka, na njia huanguka nazo. Wanachofanya sasa ni vitu vya kawaida: tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, njia hufungwa, na anayeingia na kandambili anaweza kutozwa faini. Vyote viwili vinaweza kuanza Marafa bila kujenga chochote, ingawa faini tungeiacha. Viatu vya kuazima pale langoni vingetosha.

Kufunga baada ya mvua kuwe na kipimo kinachoeleweka na mlinzi yeyote. Kanyaga njia kwa kisigino. Alama ikizama zaidi ya sentimita 2, hakuna kushuka siku hiyo. Wanaokuja wapelekwe ukingoni tu, nao wakae mita 5 nyuma. Ufa wowote unaokwenda sambamba na ukingo, hata uwe mwembamba kama uzi, maana yake kipande kilicho mbele yake kimeshajitenga. Uwekewe vigingi na kamba siku hiyo hiyo. Kamba ikae upande wa bara wa ufa. Tunasema hivi kwa sababu kuna anayefunga kamba pale penye mandhari nzuri ya picha, nje ya ufa.

Suala la saa ni gumu zaidi, maana linagusa biashara. Rangi za Nyari hupendeza jua likizama, kwa hiyo karibu magari yote hufika jioni. Jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo tatu ya saa baada yake, na giza huingia haraka. Anayeanza kushuka saa kumi na mbili kasoro robo atapanda ngazi gizani. Wa mwisho kushuka awe ameshaondoka juu saa kumi jioni, na saa kumi na moja na nusu wote wawe ukingoni. Rangi huonekana vizuri zaidi kutoka juu hata hivyo. Asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu. Katikati ya mchana chini hakuna upepo, kuta hurudisha joto, na mgeni aliyetoka kwenye kiyoyozi cha hoteli huanza kuumwa kichwa kabla hajajua ana kiu. Lita 1 na nusu za maji kwa kila mtu, na mwongozaji mmoja asichukue zaidi ya watu 8.

Alama za njia ziwe vigingi vyenye nambari, kimoja kikionekana kutoka kwa kingine. Rangi isipakwe ukutani. Ukuta ukishapakwa rangi, anayefuata huona ruhusa ya kuchonga jina lake, na nguzo nyembamba zilizo katikati ya korongo hazivumilii hata kuegemewa. Nambari za vigingi zitasaidia pia mtu akivunjika mguu: "kigingi cha 14" kinaeleweka kwenye simu kuliko "karibu na ule ukuta mwekundu".

Msitu wa Arabuko-Sokoke hatuugusi hapa. Ni tambarare, una ndovu, na uko mikononi mwa idara za serikali ya kitaifa. Nyari ni habari nyingine: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaziachia kaunti utalii wa mahali, na kwa hiyo barua hii imekuja kwako.

Kwa matunzo, tunaomba watu 4 wa Marafa walipwe siku 2 kila mwezi, na kila siku baada ya mvua kubwa wakati wa masika na vuli. Kazi yao ni kuzoa mchanga nyuma ya vizuizi, kukata kile kituta kinachojijenga ukingo wa nje kwa kukanyagwa, na kurudisha mawe. Angalau mara moja kwa msimu watembee njia yote mvua ikiwa inanyesha, kwa upande wa juu ulio salama, waone maji yanapita wapi hasa. Mkaguzi anayekuja Februari ataandika ripoti kuhusu vumbi.

Mtaro wa juu uwe umemalizika kabla ya mwisho wa Machi. Kwa udongo wa pale mtu mmoja anachimba mita 5 hadi 8 kwa siku, tuta likiwemo. Tunahitaji sururu 4, majembe 6, mabeleshi 4, toroli 2, kamba ya mita 100 na vigingi. Fremu za A tunazo.

Wako katika kazi,
Waongozaji watalii na wachimba njia wa Malindi na Magarini