Kikao cha Jumamosi kimesogezwa

Habari za jioni wapendwa. Kikao cha usanifu sasa ni Jumamosi saa 4 asubuhi, palepale maktaba.

1. Tutalinganisha majarida mawili ya muziki ya Uingereza, Kerrang! (1981) na Mojo (1993). La kwanza herufi za jina zimepasuka kama kioo, picha zimejaa, na mabango ya kubandika chumbani. Kijana wa roki hapo hachomoki! La pili limetulia, makala ndefu, kwa watu wazima.
2. Njoo na rasimu ya jalada la jarida letu la taarabu. Kwanza amua msomaji ni nani, rangi baadaye.
3. Uchapaji sh. 3,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi.

Tafadhali jibu NAJA au SIJI kabla ya kesho jioni. Chai ipo, maandazi mje nayo.