Barua ya Kuomba Taarifa za Safari: Mtuandikie Nini?

Likizo ya Juni ikikaribia, barua za shule, kwaya na vikundi vya kina mama huanza kumiminika ofisini kwetu, kwenye kampuni ya safari za utalii. Nyingi zimepangika hasa: anwani mbili, Kumb. Na., YAH kwa herufi kubwa, mhuri. Halafu maelezo yenyewe ni haya tu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba taarifa za safari ya Mikumi na gharama zake. Tunatanguliza shukrani." Hapo hatuna jibu la kuwapa ila maswali, na siku zinakwenda.

Hifadhi ya Mikumi haina bei moja. Kiingilio chake hutegemea uraia na umri. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, mgeni mkaazi chake, na asiye mkaazi chake, tena hicho ni cha dola. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi. Wa miaka 5 hadi 15 hulipa nafuu. Kuanzia 16 anahesabiwa mtu mzima. Kwa hiyo kuandika "wanafunzi 38" tu hakutuambii kitu. Ni wa darasa la tano au kidato cha sita? Na yule mwalimu wa kujitolea kutoka Ujerumani, naye yumo? Msipomtaja mapema, tofauti ya dola mtaichangishana getini.

Aya moja ya namna hii inatutosha:

"Tunatarajia kuondoka Mbagala Jumamosi tarehe 13 Juni na kurudi kesho yake. Tutakuwa wanafunzi 38 wa miaka 11 hadi 14, walimu 4 raia wa Tanzania, na mgeni 1 raia wa Ujerumani asiye mkaazi. Tunaomba gharama ya basi, kiingilio cha watu na cha gari, malazi na chakula, kila kimoja peke yake. Tunaomba profoma (ankara ya makadirio) kabla ya kikao cha wazazi cha tarehe 9 Mei."

Hayo maneno "kila kimoja peke yake" msiyaache, hata mkiandikia kampuni nyingine. Bei ya jumla ya kampuni moja huwezi kuilinganisha na ya mwenzake. Huenda mmoja kaweka chakula, mwingine hakuweka.

Mhuri kwetu si lazima. Chini ya sahihi wekeni namba ya WhatsApp ya mtu anayeijua safari yenyewe, maana mara nyingi mkuu wa shule huweka sahihi tu na maswali yetu humkuta hana habari.