Kumpiga kalamu kocha bila hesabu kunatugharimu mamilioni

Mhariri,

Desemba 2024, siku chache baada ya uchaguzi wa Shirikisho la Soka Kenya (FKF), kocha Engin Firat aliondoka Harambee Stars, timu yetu ya taifa, akilalamikia mishahara ambayo hakuwa amelipwa. Vijiweni na redioni watu wakabishana kuhusu matokeo yake: nani aliitwa, nani aliachwa, kwa nini mabao hayakuja. Hayo ni haki ya mashabiki. Lakini kulikuwa na swali jingine ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha, nalo ni kwa nini shirikisho letu haliwezi kuachana na kocha bila kuacha deni nyuma.

Chukua kocha Adel Amrouche. Aliajiriwa kuinoa Stars mapema 2013, na Desemba mwaka huo akatwaa Kombe la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, hapa hapa Nairobi. Agosti 2014 Stars ikabanduliwa na Lesotho katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) 2015, kwa bao moja la Maseru ambalo tulishindwa kulirudisha nyumbani. Kufumba na kufumbua benchi lote la ufundi likavunjwa. Mkataba wake ulikuwa bado unaendelea. Alikwenda Fifa, kesi ikafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) kule Lausanne, na mwishowe FKF ikatakiwa kumlipa takriban dola milioni 1, yaani kama Sh109 milioni. Mwaka 2020 ndipo tulipoambiwa kwamba tusipolipa tutaondolewa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2022.

Uongozi wa Nick Mwendwa ulijitetea kwamba deni lilikuwa la utawala wa Sam Nyamweya. Kisiasa ni kweli, kisheria haisaidii kitu, kwa kuwa mkataba ni wa shirikisho na viongozi wanapita tu. Isitoshe, uongozi huo huo ulipoingia ofisini Februari 2016 ulimpiga kalamu kocha Bobby Williamson, na 2019 mahakama ya humu nchini ikaamua kwamba Mskoti huyo alipwe zaidi ya Sh50 milioni. Kosa la mtangulizi walilokuwa wakililaumu, walikuwa wamelirudia.

Wanaodhani vitisho vya Fifa ni vya kwenye karatasi waitazame Zimbabwe. Machi 2015 ilifukuzwa kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2018 kabla haijacheza mechi hata moja, kwa sababu ya deni la kocha Mbrazili, Valinhos, aliyeifunza 2008. Deni lenyewe halikufika dola 100,000. Na majirani zetu wa Uganda walimpoteza Micho Sredojević Julai 2017 kwa malimbikizo ya mshahara, miezi michache tu baada ya kuipeleka Cranes AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Sasa tuangalie sheria, maana hapo ndipo ofisi zetu hujikwaa. Tangu Januari 2021 kanuni za Fifa kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kiambatisho kinachohusu makocha peke yao. Kocha asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kumwandikia mwajiri barua ya kumtaka alipe, akampa siku 15, na zikipita bila malipo anavunja mkataba huku haki ikiwa upande wake. Hapo ule ujanja wa kumnyima mtu mshahara ili achoke aondoke mwenyewe unageuka kitanzi cha shirikisho, kwa sababu anayeandika barua ya kuondoka ndiye anayelipwa fidia.

Fidia yenyewe inahesabiwa hivi. Chukua kocha wa mfano anayelipwa dola 10,000 kwa mwezi, ambaye mkataba wake umebakiza miezi 20. Akitimuliwa bila sababu ya haki na asipate kazi nyingine, anadai dola 200,000 zote. Akipata kazi ya dola 6,000 baada ya miezi 5, mapato ya ile miezi 15, yaani dola 90,000, yanakatwa, zinabaki dola 110,000. Kama chanzo cha kuvunjika ni mishahara isiyolipwa, anaweza kuongezewa mishahara ya miezi 3, tunarudi dola 140,000. Mishahara ya nyuma ni deni la pekee juu ya hiyo. Kisha kuna riba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 kwa mwaka: kwa deni la dola 200,000, kila mwaka wa kuzungushana unaongeza mshahara wa mwezi mzima. Gharama za mawakili sijazigusa.

Na matokeo mabaya? CAS imeshikilia mara nyingi kwamba kufungwa peke yake si sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Anayetaka kumwachisha kocha kwa sababu ya matokeo aandike hivyo tangu mwanzo: malengo yanayopimika (kufuzu mashindano fulani, kwa tarehe fulani) na kiwango cha malipo ya kuachana kilichokubaliwa kabla, tuseme mishahara ya miezi 3. Katika mfano wetu, kifungu hicho kimoja kinashusha gharama hadi dola 30,000. Kinaandikwa siku ya kusaini, wakati pande zote zinacheka. Ukisubiri siku ya hasira, wakili wa kocha hatakubali.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la kwetu hasa. Kwa miaka mingi mshahara wa kocha wa taifa umetegemea pesa za serikali, ilhali sahihi kwenye mkataba ni ya shirikisho. Wizara ikichelewesha, shirikisho linanyoosha kidole Wizarani, Wizara nayo inasubiri Hazina. Fifa haiyajui hayo wala haitaki kuyajua. Mdaiwa ni aliyesaini. Hata kile kifungu cha kujipa muda wa ziada wa kulipa baada ya tarehe kupita, Fifa haikitambui. Kama serikali ndiyo mlipaji, basi iwe na mkataba wake wa maandishi na shirikisho, na mishahara ya angalau miezi 6 iwekwe kwenye akaunti maalumu kabla kocha hajapanda ndege kuja. Pasipo pesa hizo, aajiriwe kocha ambaye tunaweza kumlipa.

Siku ya kuachana ikifika, kazi ya kwanza si kuita wanahabari. Mhasibu apewe mkataba atoe hesabu ya kila kitu: mishahara, bonasi za mechi zilizokwisha kuchezwa, likizo ambayo hakuichukua, kodi ya nyumba, tiketi ya kurudi kwao. Ndipo kocha aitwe na wakili wake, na makubaliano yaandikwe yakitaja kiasi, sarafu, tarehe za malipo, nani anabeba ushuru na ada za benki, na kwamba pesa zikiingia hakuna atakayemdai mwenzake tena. Awamu ya kwanza ilipwe siku ya kusaini, kwa kuwa ahadi tupu ndiyo inayompeleka mtu Fifa. Baada ya hapo arudishe gari, kompyuta, video za mechi na rekodi za afya na mazoezi za wachezaji. Kocha aliyeondoka kwa kinyongo huondoka na rekodi hizo, anayemrithi akaanza na karatasi nyeupe. Sébastien Migné, aliyetupeleka AFCON 2019, aliachana na FKF kwa makubaliano Agosti mwaka huo, kwa hiyo njia ya mazungumzo tunaijua.

Jingine ni kujibu barua. Dai likifikishwa Fifa, shirikisho hupewa muda wa kujitetea. Likinyamaza, uamuzi unatolewa kwa ushahidi wa upande mmoja. Uamuzi ukishatoka na sababu zake kuandikwa, rufaa kwa CAS ni ndani ya siku 21. Anayepuuza na kukaa siku 45 bila kulipa anaweza kuzuiwa sehemu ya pesa za maendeleo za Fifa. Katika mpango wa 2023 hadi 2026, fungu la uendeshaji kwa kila shirikisho ni hadi dola milioni 5, wastani wa dola milioni 1.25 kwa mwaka. Pima mwenyewe deni la Amrouche dhidi ya hizo, kisha uwaulize viongozi wa soka ya wasichana na ya vijana ni mradi upi ungesalia.

Nimewazungumzia wageni kwa sababu wao ndio wanaoshinda kesi. Mzalendo hawezi kumshtaki FKF mbele ya Fifa, kwa kuwa mgogoro wake hauna sura ya kimataifa. Amebaki na Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa kwa sheria ya 2013, au mahakama ya masuala ya ajira, na kote huko ataulizwa kwanza mkataba wake uko wapi. Kocha wa makipa, mkufunzi wa viungo na wasaidizi wengine mara nyingi hufanya kazi kwa barua ya uteuzi isiyotaja mshahara wala muda, na bosi wao akitimuliwa wanasikia habari redioni. Ombi langu kwa FKF, kabla ya AFCON 2027 tutakayoiandaa pamoja na Uganda na Tanzania, ni kwamba mikataba ya wasaidizi hao isainiwe siku ile ile na ya kocha mkuu, ikiwa na kifungu chake cha malipo ya kuachana, na nakala ikabidhiwe kila mmoja mkononi.

Mfuatiliaji wa soka,
Mombasa