Barua kwa mwanangu, kabla hujahamia bwenini

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Nimeisoma ile karatasi ya chuo uliyonitumia. Mambo ya ada yamejaza kurasa mbili, ya chanjo yamepewa mstari mmoja chini kabisa, na nakujua: mstari huo umeuruka. Zamani ningekushika mkono mpaka kwenye foleni ya sindano. Sasa umetimiza miaka 18 na fomu utaitia sahihi mwenyewe, kwa hiyo lililobaki kwangu ni kukuandikia.

Nianze na linalonikosesha usingizi, homa ya uti wa mgongo. Bakteria wanaoleta ile ya hatari, meningokoka, hukaa puani na kooni mwa watu wazima wengi, kama mmoja kati ya kumi, na wenyewe wala hawaumwi. Huhama kwa mate na kwa pumzi za karibu: kunywea chupa moja, kubusiana, kukoholeana, kulala wengi chumba kimoja. Hayo ndiyo maisha ya bweni, tena miezi ya kwanza, mnapokutana watu wa kila mahali. Ndiyo maana wanafunzi wa mwaka wa kwanza hutajwa kwa jina miongoni mwa wanaopaswa kuchanjwa. Ugonjwa huu hausubiri. Mtu huamka na kichwa kinachouma, akadhani ni mafua, na kabla ya saa 24 kwisha anaweza kuwa amefariki. Hata wakitibiwa, katika kila wagonjwa 100 hufa 10 hadi 15, na miongoni mwa wanaopona wapo wanaobaki viziwi au waliokatwa viungo.

Chanjo zake kuu ni mbili, na wengi hudhani ni moja. Ya kwanza hukinga makundi A, C, W na Y ya bakteria hao. Wewe ulichomwa hiyo ukiwa na miaka 12, na kwa kuwa nguvu yake hufifia baada ya miaka michache, hushauriwa dozi nyingine kuanzia miaka 16. Hiyo hujaipata. Ya pili ni ya kundi B, ambalo ile ya kwanza hailigusi kabisa; muulize daktari kama unapaswa kuipata nayo. Mwili huhitaji wiki mbili hivi kujenga kinga, basi usingoje wiki ya kufungasha.

La pili si jambo ambalo baba na mwana hukaa wakalizungumza, na kuliandika kumenisaidia. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa ngono, watu huiita ya wasichana, kwa sababu ya saratani ya shingo ya kizazi. Ni kweli kwamba aina mbili za virusi hivyo, 16 na 18, husababisha karibu asilimia 70 ya saratani hiyo. Lakini hao wasichana huambukizwa na nani? Na sisi wanaume nasi tunapata saratani za koo, uume na njia ya haja kubwa kwa virusi hivyohivyo, mbali na masundosundo. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, maana virusi hupita hata kwa ngozi kugusana. Chanjo nayo haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo ni bora itangulie. Sikuulizi umefika wapi. Kwa umri wako ratiba ya kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, ingawa siku hizi baadhi ya nchi zinatosheka na moja. Ufuate utakayopangiwa.

Homa ya ini ya B ulikingwa utotoni, dozi zote zipo kwenye kadi. Ila wewe unakwenda kusomea uuguzi, utashika damu za watu, na virusi vile hukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone lililokauka. Omba upimwe kingamwili, yaani kama kinga ile bado ipo, kabla hujaingia wodini.

Surua ndiyo imetutatiza. Kadi ina dozi moja, na mama yako ameitafuta ya pili mpaka amechoka. Isiyoandikwa ihesabu haipo; kurudia hakudhuru. Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na kati ya watu kumi wasio na kinga walio karibu naye, tisa huugua. Mjomba wako atakutumia tena ule ujumbe kwamba chanjo hii huleta usonji. Maneno hayo yalienezwa na makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusu watoto 12 tu. Jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo mwenyewe akaondolewa kwenye rejista ya madaktari Uingereza. Mjomba msalimie tu.

Pepopunda ni kila miaka kumi, mafua kila mwaka. Na mwambie nesi mapema kwamba wewe huzimia ukiona sindano. Atakulaza kitandani, kisha ukae pale dakika 15 kabla ya kuondoka.

Hakuna chanjo inayofunga kila mlango, kwa hiyo shika na hili. Mwenzako wa chumbani akipata homa kali, shingo ikakakamaa, akakimbia mwanga au akaanza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali usiku huohuo, hata akishikilia kuwa ni uchovu wa mitihani. Mkague kama ana madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Usipoyaona usitulie, kwani huweza kuchelewa au yasitokee kabisa. Nanyi mliolala naye ulizeni dawa ya kujikinga siku hiyohiyo, waliochanjwa na wasiochanjwa.

Wako,
Baba