Lusajo alibeba mwavuli tu

Dada Tumpe shikamoo. Mama msomee taratibu, mwambie shikamoo yake imo humu ndani na ya shangazi pia asije akaanza maneno.

Meseji ya hela ya kujengea kaburi la bibi nimeiona, nimeiona tangu Jumanne ila sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira na hasira yenyewe wala si ya hela. Hela ntatuma, laki nne mwisho wa mwezi huu na zilizobaki mwezi ujao, marumaru msinunue kwanza mpaka fundi amalize chini maana mvua ya Tukuyu mnaijua. Kilichoniudhi ni ile video ya arobaini. Niko zangu kwenye basi hapa Leeds natoka kazini, nimeweka hedifoni, ghafla nasikia sauti ya bibi kwenye maspika pale uwanjani kwetu, nikalia dada, nikalia mbele za watu wazima, afu MC anashika maiki anasema eti sauti hii tumehifadhiwa na mjukuu wake Lusajo. Lusajo! Ee Kyala. Lusajo siku ile alibeba mwavuli tu.

Na wewe ulikuwepo na hukusema kitu.

Ngoja nikukumbushe maana naona mmesahau wote. Ni mwaka 2013, mi najitolea pale redioni, mshahara hakuna, nauli ya kutoka Katumba najitafutia mwenyewe. Studio yenyewe chumba kimoja, ukutani trei za mayai na mablanketi ili sauti isirudi, maiki mbili na moja mpaka uishike shingo ndo inaongea. Juu bati tupu. Mvua ikianza msikilizaji anasikia mvua kuliko mtangazaji, kwa hiyo tulikuwa tunaweka nyimbo ndefu tunakaa kusubiri, na siku nyingine mvua haiishi mpaka kipindi kinaisha. Lakini ukipita sokoni kesho yake mama wa ndizi anakuambia jana umenisalimia vizuri mwanangu, anakufungia na ndizi mbili za bure. Wenye kadi za salamu walikuwa wanakuja na tope miguuni wanataka majina yote kumi na tano yasomwe, ukiruka moja kesho yuko mlangoni.

Baba ndo hakuwahi kunisifia hata siku moja. Kwake yeye mtangazaji ni wa RTD, ile Redio Tanzania ya Dar, wale waliomtangazia Tukuyu Stars ikibeba ubingwa 1986 akiwa na ile Philips yake sikioni, betri ameshazianika juani tangu asubuhi ili zifike jioni. Siku yangu ya kwanza hewani nimerudi nyumbani najisikia, akaniambia umesema "wapenzi wasikilizaji" mara tisa, akaendelea kula. Lakini kuna kadi ya salamu ilikuja bila jina, imeandikwa tu "mzee mpenda habari", zile herufi za kulalia kushoto nani asiyezijua. Niliisoma hewani na sikumwambia mpaka amekufa.

Sasa bibi. Nilimuomba mwezi mzima aje asimulie walivyokuwa wanateremka Kyela kwa miguu na mikungu ya ndizi kichwani kubadilishana na mchele. Akaja na kitenge kipya, akakataa hedifoni kwa sababu ya kilemba, akaanza vizuri kabisa kwa Kiswahili chake kile cha kanisani. Mara bibi mwenzake wa Masoko akapiga simu studio, Ugonile! Basi ndo imeisha hiyo, Kinyakyusa mwanzo mwisho, wanacheka, wanaulizana nani amekufa nani yupo, na leseni inataka Kiswahili au Kiingereza. Meneja kwenye kioo anajikata shingo kwa mkono kunionyesha nikate. Nilikuwa na kidole juu ya kitufe dada. Sikukata. Nikasimamishwa wiki mbili na wala sikujuta.

Kama hamniamini fungueni ile flashi msikilize vizuri, kwenye katikati kuna kijana anasema kwa kunong'ona "bibi, Kiswahili bibi". Huyo ni mimi. Lusajo yuko nje kwenye ile mvua inayosikika juu ya bati.

Huku mi mzima, kazi ipo, za usiku sana sana, baridi tumeshazoeana. Mwezi uliopita nimeitwa kwenye redio ya mji huu kuongelea sisi tunaotoka Afrika Mashariki, dakika sita nzima, na kuna mtu wa kuniletea maji! Zulia mpaka ukutani. Yule mama mtangazaji aliitamka Mbeya mara tatu kila mara kivyake, lakini alipomaliza akasema una sauti ya redio wewe, nikamwambia najua. Kazini wamesikia wote, mpaka bosi. Ila dada, kile chumba kilikuwa kimya mno, nikajikuta nasikilizia juu kama mtu anayesubiri kitu. Narudi nyumbani nikanunua parachichi, gumu kama jiwe, la huku halijui kuiva, nikala mkate.

Naomba mambo mawili. Ile flashi mpeleke kwa kijana wa steshenari anitumie faili zima kama dokumenti, msinitumie ile video ya kurekodiwa na simu inayosikika vigelegele vya shangazi tu. Na Philips ya baba nimesikia kuna mtu anaitaka, isiuzwe, hata kama haiongei, bei aliyotaja mniambie mi ntailipa.

Lusajo msalimie, mwambie sina ugomvi naye. Lakini ule mwavuli ulikuwa wangu na hajaurudisha mpaka leo.

Ndaga fijo,
mdogo wako Gwamaka