Mama Zuhura, chungu kiwe kimoja

Tanga, Jumapili jioni

Mpenzi Mama Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, tunawaombea na ninyi.

Nimepata habari kwamba presha imekupanda. Dawa meza kama ulivyoelekezwa, usiache hata ukijiona mzima, maana presha hukaa juu bila dalili. Lakini lile la kujipikia kisufuria chako pembeni, na baba na watoto kuendelea na vyao, silikubali. Mama yako pia alikuwa na presha, na maradhi haya hutembea kwenye ukoo. Chakula kinachokufaa wewe ndicho kitakachowakinga wanao. Chungu kiwe kimoja.

Anza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya ng'onda na ya vile vidonge vya mchuzi. Kibakuli cha chumvi kiondoe mezani kabisa. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitaupa mchuzi ladha, na ndimi zenu zitazoea baada ya wiki chache.

Mbaazi usiziache! Kunde, choroko na maharage vilevile: vina nyuzinyuzi, vinashibisha, na bei yake tunaimudu. Ila kasimile, lile tui zito la kwanza, ipunguze, maana ndiyo yenye mafuta mengi yanayoongeza lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Pikia tui la pili. Mahamri yawe ya siku moja moja, siku nyingine chemsha muhogo au viazi vitamu. Na mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi yamwage, shoga yangu, usiyaonee huruma.

Mboga na matunda, kila mtu wa miaka kumi na zaidi apate angalau gramu 400 kwa siku. Mchicha, matembele, kisamvu, chochote kilichopo gengeni. Machungwa ya Muheza yakifika huko, myale na nyama zake, msiyakamue. Juisi huacha nyuzinyuzi kwenye kichujio. Soda ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa watoto: chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Wakiwa na kiu, maji.

Unga chukua wa dona, kwa sababu sembe imeondolewa pumba na kiini. Lakini mahindi yachague mwenyewe, yawe makavu na yasiyo na ukungu, kwa kuhofia sumukuvu, ile sumu itokanayo na ukungu.

Zile poda za lishe ulizoniuliza, hela yake nunulia samaki.

Nina mbaazi kavu nimekuwekea, nitampa dereva wa basi Ijumaa. Ukitoka kliniki niandikie kipimo kimesomaje, namba zote mbili.

Akupendaye,
Mama Salma