Ndeke ya kwanza: tunayomwambia mteja kabla hajatoa feza

Mvua zikishakatika, mwezi wa nne ukielekea wa tano na anga la Lubumbashi likawa jeupe, simu za ofisi yetu, inayotafutia watu ndege, huanza kulia. Anayepiga mara nyingi ni mtu wa kazi: ana malori yanayopita mpaka wa Kasumbalesa, au ana mkataba na kampuni ya mgodi kule Kolwezi, na barabara imemchosha. Hasemi mengi. "Vieux, nataka kuuza ndeke moya ya kidogo." Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asishangae: kwetu Katanga ndeke ni ndege, kuuza ni kununua, na kuuzisha ndiko kutoa mali upate feza. Kisha zinafika picha: Cessna nyeupe yenye mstari mwekundu, iliyopigwa jua la jioni huko Afrika Kusini, na bei chini yake.

Sisi tunarudisha swali moja: "Papa, wewe mwenyewe umesharusha ndege kwa saa ngapi?"

Wengi hujibu kwamba watajifunza ndege ikishafika. Hapo ndipo tunapobishana nao, kwa heshima yote. Ofisini kwetu tuliamua kwamba hatumtafutii mtu ndege kabla hajapata leseni ya rubani binafsi, hata akija na feza taslimu. Tuliwahi kufanya kinyume. Mteja mmoja alinunua kwanza, akasema shule itafuata. Biashara ikambana, shule ikasogezwa mwaka, ndege ikakaa hangarini mvua mbili nzima. Tulipofungua mitungi ya injini, kutu ilikuwa imeshakula kuta zake. Hakuna aliyeiangusha wala kuigonga; iliharibika kwa kusimama tu. Mpaka leo jambo hilo linaniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka kuiona ndege ile.

Leseni yenyewe haimshindi mtu mwenye nia. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinadai umri wa miaka 17, cheti cha afya cha daraja la pili, na saa zisizopungua 40 za kuruka. Ndani ya hizo, saa 10 uwe peke yako ndani ya ndege, na katika hizo 10, saa 5 ziwe za safari. Safari moja lazima ifikie kilomita 270 na utue kwenye viwanja viwili tofauti. Lakini 40 ni kiwango cha chini cha sheria. Mtu mzima mwenye kazi na familia, anayejifunza kwa vipande, humaliza na saa 55 au 60, wakati mwingine 70. Panga bajeti yako kwa 60. Ukimaliza mapema, feza iliyobaki ni yako.

Nenda kwa daktari wa anga kabla hujalipa shule hata dola moja. Kuna watu wenye afya njema kabisa ambao hugundulika hapo tu kwamba macho yao hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani. Ni afadhali ulijue hilo leo kuliko baada ya saa 30. Jambo la pili ni Kiingereza. Sisi tumesoma kwa Kifaransa, na Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi, Kifaransa kinapita, ila Ndola, Lusaka na Johannesburg redio ni Kiingereza, na kanuni zinataka ufikie angalau daraja la nne la lugha. Anza masomo hayo hapa nyumbani, jioni baada ya kazi. Saa ya mwalimu wa lugha ina bei ya chini sana kuliko saa ya ndege inayoungurumisha injini huku unatafuta neno.

Sasa shule gani? Wateja huchagua kwa bei au kwa uzuri wa mji. Mimi huangalia kwanza uwanja uko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Luano iko karibu mita 1,300. Lanseria, karibu na Johannesburg, iko karibu 1,380. Ndola haipishani sana na sisi. Wilson ya Nairobi imepanda karibu 1,700. Kwenye viwanja hivyo mwanafunzi huzoea tangu wiki ya kwanza kwamba hewa ni nyepesi, na kwamba kabla ya kuruka lazima upunguze petroli inayoingia kwenye injini mpaka ilingane na hewa iliyopo. Lakini aliyejifunza Durban, kwenye uwanja wa Virginia ulio kando ya bahari, amezoea kusukuma kishikio chekundu cha kuongeza petroli mpaka mwisho kila anaporuka. Akifanya hivyo Luano saa saba mchana, injini inapata petroli nyingi kuliko hewa, inakohoa, na nguvu haitoshi. Shule ya Durban si mbaya, ila atakayetoka huko ajiwekee saa chache za ziada na mwalimu anayeijua nchi ya juu.

Luano mwezi wa kumi

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu jambo hili ndilo linaloamua ununue ndege gani.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, joto la mchana hapa kwetu linafika digrii 32. Hewa ya moto ni nyepesi. Ukichanganya urefu wa Luano na joto hilo, ndege inaruka kana kwamba uwanja uko mita 2,200 juu ya bahari. Injini ya kawaida isiyo na turbo, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza hapo zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake. Ile iliyoandikwa nguvu za farasi 160 inakupa kama 125. Mabawa nayo yanashika hewa kidogo, na propela vilevile. Barabara ya kurukia ya Luano ni ndefu, zaidi ya kilomita tatu, kwa hiyo utaruka. Tatizo linakuja baada ya hapo: ndege inapanda taratibu mno, na ukienda kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo kaskazini huko, kuingia ni rahisi na kutoka ndiko kwenye shida.

Chukua Cessna 172, ndege tunayoulizwa kuliko zote. Inatengenezwa tangu 1956 na zimeshatoka zaidi ya 44,000, kwa hiyo vipuri vyake vinapatikana na mafundi wanaifahamu. Ni ndege nzuri, naipenda. Ila hesabu. Ile ya mwisho wa miaka ya 1970 inaruhusiwa kuruka na kilo 1,043, si zaidi. Yenyewe tupu, na redio zake, ina kama kilo 660. Inabaki 383. Weka watu wanne wa kilo 85, hao ni 340. Zimebaki kilo 43 za petroli, maana yake lita 60. Injini inakunywa kama lita 34 kwa saa, kwa hiyo una saa moja na dakika 45. Toa dakika 30 za akiba ambazo huruhusiwi kuzigusa mchana. Zimebaki saa moja na robo.

Kutoka Luano mpaka Kolwezi kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 240, na ndege hii inakwenda kama kilomita 200 kwa saa. Saa moja na robo ndiyo Kolwezi yenyewe, pasipo begi hata moja, na upepo ukikaa mbele yako huna kitu mkononi. Kwa hiyo ninaposema viti vinne si watu wanne, sitaki kumnyima mtu raha yake. Ndege hii kwetu ni ya watu wawili, mabegi na matangi yaliyojaa. Kwa wawili ni ndege tamu sana: Kolwezi asubuhi, mkutano, nyumbani kabla jua halijazama.

Anayetaka kubeba wanne kweli atazame Cessna 182 au 206, zenye injini kubwa, na akubali kwamba petroli nayo itapanda.

Petroli, au mafuta ya jeti?

Petroli ya ndege, ile avgasi ya buluu inayoitwa 100LL, si kitu unachofungulia bomba hapa. Ndege kubwa za abiria zinatumia mafuta ya jeti, Jet A-1, na hayo ndiyo yanayopatikana zaidi kwenye viwanja vinavyopokea ndege hizo. Mwenye injini ya petroli anaishi kwa mapipa ya lita 200 yanayosafiri kwa barabara. Bei hubadilika na safari, na kuna wiki pipa halipo.

Pipa lina hatari yake. Likisimama wima nje wakati wa mvua, maji yanatuama juu ya kifuniko. Usiku pipa linapopoa linavuta hewa ndani, na maji yanapita pembeni ya kizibo. Lilaze, au liinamishe vizibo visifunikwe na maji, kisha uchuje kila tone. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha, toa petroli kidogo chini ya kila tangi kwenye kikombe cha kioo uitazame: iwe buluu, isiwe na tone la maji linalocheza chini. Nikiona mtu anaruka hatua hii kwa sababu amechelewa, siku hiyo sipandi ndege yake.

Kwa sababu hiyo siku hizi nawaonyesha wateja ndege zenye injini ya dizeli inayochoma Jet A-1, kama Diamond DA40 ya toleo jipya. Ina turbo, hivyo joto la Luano haliipunguzii nguvu kama ile nyingine, na inakunywa kidogo. Bei yake ya kununua iko juu, na injini inaongozwa na kompyuta. Fundi wa kawaida hawezi kuifungua kwa spana na uzoefu tu. Anahitaji mafunzo yake na kifaa chake. Kwa mtu atakayeruka kila wiki, nadhani inalipa. Kwa atakayeruka Jumapili mbili kwa mwezi, hapana.

Kuhusu bei: 172 ya miaka ya 1970 yenye hali nzuri inaweza kupatikana kwa dola 60,000 na kupanda mpaka zaidi ya 100,000, mpya kutoka kiwandani inapita 400,000. Lakini namba ya kwanza ninayotafuta kwenye tangazo ni saa za injini. Lycoming, mtengenezaji, anashauri injini ya aina hiyo ifunguliwe yote na kutengenezwa upya ikifika saa 2,000 au miaka 12. Kazi hiyo inakula zaidi ya dola 30,000. Kwa hiyo ndege ya bei nafuu yenye injini ya saa 1,850 imekubakizia saa 150, na bei yake halisi ni ile ya tangazo pamoja na injini. Tazama na miaka pia. Injini yenye saa 400 tangu 1998 imekaa sana, na yule mteja wangu alinifundisha kukaa kunafanya nini.

Vitabu vya ndege viwe vyote, tangu siku ya kwanza. Kikikosekana kimoja, bei ishuke sana au uondoke. Muuzaji akuonyeshe cheti cha kufutwa kwenye rejista ya nchi yake na cheti cha ubora wa kuruka cha kusafirishia nje. Bila hivyo, kuandikishwa hapa Kongo kunakwama. Na leseni uliyoipata nje lazima itambuliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kinshasa kabla hujagusa ndege iliyoandikishwa hapa. Karatasi hizi tunazifuatilia sisi, na zinachukua muda. Asikuahidi mtu wiki mbili.

Wengine huja watatu au wanne wakitaka kununua pamoja. Naunga mkono, ila wasiifikirie kama likelemba, yaani upatu. Kwenye likelemba kila mtu anajua zamu yake, na akishapokea mambo yameisha. Ndege inadai kila mwezi kwa kila mmoja, ameruka au hajaruka: hangari, bima, ukaguzi wa kila mwaka, maegesho. Andikeni tangu mwanzo anayetoka anauzisha fungu lake vipi, na nani analipa tairi lililopasuka mkononi mwa yaya, yaani kaka mkubwa. Ukiwa peke yako na hutafikisha saa 100 kwa mwaka, kwa maoni yangu kodi ndege ya mtu kwanza.

Ukija kutuona, njoo na cheti cha afya kama unacho, orodha ya safari tano unazotaka kweli kuzifanya, na uzito wa kweli wa watu utakaowabeba. Tutakaa na karatasi na kalkuleta, na mara nyingi saa moja inatosha kujua kama ni 172, kitu kingine, au bado. Jumamosi asubuhi tukiwa na ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka hangarini unaweza kuomba kuja kutazama injini ikiwa wazi. Njoo saa kumi na mbili na nusu, kabla ya joto, uvae viatu vilivyofungwa.